Nyumba ya Mabati Isiwe Tanuri

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, kabla ya miezi ya joto

  Tunawaona akina mama waliotoka upande wa Ganze tangu alfajiri, tunawaona vijana wa ufuoni, na wenzetu waliokuja kutoka Mto Tana. 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala vitabu vya hesabu. Tumekuja kuzungumza juu ya joto. Tunajua kuna mmoja hapa anacheka moyoni na kusema, "Joto ni la Mungu, litafanyiwa semina gani?" Subiri kidogo, ndugu yetu. Mvua za vuli zinaisha. Baada ya Krismasi kaskazi itakuwa inavuma, na kuanzia Januari mpaka Machi kila mmoja wetu atalala akijipepea kwa kipande cha boksi. Basi ni afadhali tuzungumze sasa, wakati bado kuna nafasi ya kufanya kitu.

Tuanze na hadithi ya kweli. Jina la mwenyewe hatutalitaja, lakini ametupa ruhusa tuisimulie.

Kuna kikundi cha akina mama ambacho tumetembea nacho kwa miaka mingi. Walianza kwa mchango wa mzunguko wa kununuliana sufuria na vikombe. Baadaye wakasema, "Sufuria tunazo. Sasa tujengeane nyumba." Walikuwa wamechoka na makuti. Makuti huvuja yakizeeka, kila baada ya miaka michache lazima uezeke upya, na cheche moja ya moto yamaliza nyumba nzima. Sisi watumishi wa maendeleo tulikuwa mstari wa mbele kuwatia moyo. Tulisimama mikutanoni tukasema, "Mabati ndiyo maendeleo." Maneno hayo tuliyasema sisi kwa mdomo wetu.

Nyumba ya kwanza alijengewa nyanya mmoja mjane anayelea wajukuu wanne. Vyumba viwili, kuta za udongo, paa la mabati yanayong'aa mpaka unafumba macho. Siku ya kuifungua tuliimba, tukala pilau, tukapiga picha.

Mwezi wa Februari tulipita pale saa tisa mchana bila kutoa habari. Tulikuta mlango umefungwa. Nyanya alikuwa chini ya mwembe wa jirani na wajukuu wake, na pale chini palikuwa na mikeka, sufuria, na godoro moja limekunjwa. Tukamwuliza, "Nyanya, mbona uko huku?" Akajibu, "Napumzika tu, wanangu." Lakini mtoto hafichi. Mjukuu mmoja akasema, "Sisi tunalala hapa. Ndani kuna moto."

Nyanya akanyamaza. Halafu akasema, "Mlinijengea mbele ya watu wote. Ningesemaje kwamba kile mlichonipa kinanichoma?"

Wiki mbili baadaye yule mjukuu mdogo kabisa alilazwa kwa malaria. Chandarua chenye dawa kilikuwapo, kimefungwa vizuri, ndani ya chumba ambacho hakuna mtu aliyelala. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini sisi tulirudi nyumbani tukiwa tumenyamaza. Kosa halikuwa la fundi wala la nyanya. Lilikuwa letu. Tulihesabu mabati, hatukuhesabu jua.

Je, turudi kwenye makuti?

Baadhi yenu mtasema, basi tuondoe mabati. Hapana. Mwenye makuti mazuri na mwenye uwezo wa kuyaezeka upya, abaki nayo bila kuona haya, maana nyumba yake si ya ushamba. Lakini mabati nayo yana faida zake. Hebu tupige hesabu ndogo. Paa lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, ni lita 300 za maji. Hata yakimwagika kidogo, hiyo ni karibu mitungi 15 ya lita 20 ambayo mama hakuifuata kisimani. Mama wa Ganze anajua maana ya mitungi 15.

Kwa hivyo tusilaumu mabati. Tatizo ni kuishia kwenye mabati. Tunapiga msumari wa mwisho, tunapiga makofi, tunasema nyumba imekwisha. Nyumba bado. Nyumba itakuwa imekwisha wakati jua limezuiwa na upepo umepata njia.

Joto linaingiaje ndani?

Kabla ya kumfukuza mgeni, jua kwanza ameingilia wapi. Joto huingia kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni paa, na hii ndiyo kubwa. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwezi wa Machi, na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Kwa hivyo paa ndilo linalopigwa siku nzima. Fanyeni kipimo hiki mkifika nyumbani. Saa nane mchana, panda juu ya stuli imara, inua kiganja karibu na bati, lakini usiliguse. Utasikia joto likikushukia kama lile la jiko la makaa. Hiyo si hewa ya moto. Ni bati lenyewe linalotupa joto chini, juu ya kichwa cha mtoto aliyelala.

Njia ya pili ni ukuta wa mashariki asubuhi na ukuta wa magharibi jioni. Ule wa magharibi ni mbaya zaidi, kwa sababu hupata moto wakati siku yote imekwisha kupata moto, kisha unautoa usiku, wakati mnataka kulala.

Njia ya tatu ni sisi wenyewe. Jiko ndani ya nyumba, koroboi, sufuria ya maharagwe inayochemka saa tatu nzima. Tena watu sita katika chumba kimoja, kila mmoja ana joto lake.

Njia ya kutoka ni moja: hewa inayotembea. Ikikosa mlango wa kutokea, yote yaliyoingia yatabaki ndani.

Tulifanya nini kwa nyanya?

Tulirudi kwa kikundi. Kwanza tuliomba radhi. Halafu tukakaa chini ya ule mwembe, tukamwuliza nyanya mwenyewe: joto linakuwa baya saa ngapi, chumba gani, upepo unatoka wapi? Haya ni maswali ambayo tungeuliza kabla ya kumwita fundi. Kisha tukaanza na yale yasiyo na gharama.

La kwanza, jiko likatoka nje. Tulijenga kibanda kidogo cha kupikia upande ambao upepo hauleti moshi ndani. Gharama yake ilikuwa fito, makuti na siku moja ya harambee. Kilisimama mbali na nyumba, maana makuti na moto si marafiki.

La pili, tukafungua njia ya upepo. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja tu, tena dogo, kwa kuogopa wezi. Chukua chupa tupu uipulize mdomoni. Pumzi haiingii, kwa sababu haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni chupa. Tulitoboa dirisha la pili ukuta wa pili, na juu ya ukuta unaogawa vyumba tukaacha nafasi ili hewa ipite. Dirisha la kuingizia upepo likae chini, usawa wa kitanda, ndipo upepo umguse mtu aliyelala. Tundu la kutolea hewa liwe juu, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Kwa wezi tuliweka vyuma, na mwenye kukosa vyuma ataweka mbao ngumu zilizosimamishwa karibu karibu. Mwizi hapiti, upepo unapita.

La tatu, tukaweka dari. Hapa tulikosea mara ya kwanza, na tunawaambia ili ninyi msikosee. Tulichukua magunia safi, tukayapigilia moja kwa moja kwenye mbao zinazobeba bati, yakawa yamelala chini ya bati lenyewe. Baada ya siku mbili nyanya akasema, "Nafuu ni kidogo tu." Alisema kweli. Gunia lililobanana na bati hupata moto kama bati. Tukayashusha, tukafunga kamba na fito kutoka ukuta hadi ukuta, tukaacha nafasi kati ya dari na bati, pale chini kabisa kama mkono mmoja, katikati zaidi. Halafu kwenye zile pembe tatu za ukuta, huku na huku chini ya paa, tukatoboa matundu ili ile hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke nje. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Matundu hayo yazibwe kwa wavu, la sivyo popo watahamia, na mkojo wa popo mnaujua.

Dari yaweza kuwa ya mikeka ya ukindu, magunia yaliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa, au plaiwudi kwa mwenye pesa. Wengine huweka makuti chini ya bati, na inasaidia sana, lakini hapo koroboi na mshumaa visiwepo kabisa ndani. Kama hamwezi kuahidi hivyo, msiweke makuti.

La nne, tukapaka paa rangi nyeupe. Kitu cheupe hurudisha jua, kitu cheusi hulimeza. Bati lililoshika kutu ni baya zaidi, kwa sababu limekwisha kuwa jeusi-jeusi. Iliyo bora ni rangi nyeupe ya paa. Anayekosa pesa apake chokaa, nayo itasaidia msimu wa joto na kuoshwa na mvua za masika, kisha mwaka ujao anapaka tena. Angalieni mambo manne. Msitie chumvi kwenye chokaa hiyo kama mnavyofanya kwa ukuta, kwa sababu chumvi hula bati. Chokaa huunguza macho, kwa hivyo anayepaka ajikinge. Anayepanda paani akanyage juu ya mstari wa misumari, mahali penye mbao, na ngazi ishikwe na watu wawili, tena iwe asubuhi na mapema kabla bati halijapata moto. Na kama mnakinga maji ya kunywa, nunueni rangi isiyo na madini ya risasi, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kupaka yaacheni yamwagike.

La tano ni kivuli. Tulirefusha upenu wa magharibi kwa fito na makuti, ukawa baraza ya kukaa jioni. Tukapanda miti. Mti hauleti nafuu mwaka huu, lakini asiyepanda mwaka huu atalia tena miaka mitano ijayo. Pandeni mashariki na magharibi ya nyumba, kwa sababu huko ndiko jua linakoshuka chini na kupiga ukuta. Mwarobaini hukua haraka na huvumilia ukame. Mwembe na mkwaju huchukua muda, lakini kivuli chake ni kikubwa na matunda ni yenu. Msipande mnazi juu ya paa, maana siku nazi itakapoanguka mtakumbuka maneno haya. Wala msiizungushie nyumba miti pande zote kama ua, mtazuia upepo. Mwenye haraka apandishe mung'unye au matunda ya karakara kwenye chanja mbele ya ukuta wa magharibi. Kwa miezi michache majani yatafunika.

Nyanya alirudi kulala ndani. Tusiwadanganye, haikuwa baridi kama ya Limuru. Lakini alisema, "Sasa naweza kulala mpaka jogoo." Na chandarua kikapata mtu wa kumkinga.

Wazee walijua

Wenzetu, tusifikiri hekima hii imeletwa na wenye diploma. Nendeni Gede mkatazame magofu yale. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba zina ua wa ndani ulio wazi juu. Nendeni Mji wa Kale wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Vichochoro ni vyembamba, nyumba moja inaikinga nyingine, jua halipati nafasi ya kupiga ukuta wala njia. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, upana wake haufiki mita 3, lakini dari ziko juu. Mlangoni kuna baraza na kivuli chake. Na kwa Wamijikenda, nyumba za nyasi na za makuti zilikaa chini ya miti. Hakuna mzee aliyekata miti yote kwanza ndipo ajenge.

Sisi ndio tunaopitisha tingatinga, tunang'oa kila mwembe, tunajenga katikati ya uwanja mtupu, halafu tunauliza joto limetoka wapi.

Joto la pwani si joto la Tana

Hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu dawa ya mtu mmoja yaweza kumdhuru mwenzake.

Kuna joto la unyevu na kuna joto kavu. Ufuoni, Malindi na Kilifi, hewa imejaa maji. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Huko mkubwa ni upepo. Madirisha yawe wazi mchana na usiku, yawe na kivuli. Kumwagia sakafu maji au kutundika shuka mbichi dirishani hakusaidii sana, na mara nyingine kunazidisha ule unyevu unaowanata.

Lakini ndani zaidi, upande wa Hola na Garissa, hewa ni kavu. Huko shuka mbichi dirishani, mahali upepo unapopita, hupoza chumba kweli, kwa sababu maji yakikauka huondoka na joto. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo kupoza maji bila friji. Na huko mwenye nyumba ya ukuta mnene afungue usiku, hewa ya usiku iingie, halafu asubuhi jua likianza kuwa kali afunge madirisha mpaka jioni.

Mtauliza, tutajuaje wakati wa kufungua na wakati wa kufunga? Kanuni ni rahisi, haihitaji kipimo. Simama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kama nje kuna nafuu kuliko ndani, fungua. Kama ndani kuna nafuu kuliko nje, funga. Nyumba ya bati tupu isiyo na dari usiifunge mchana ukiwa ndani, itawaoka.

Na wenye umeme au sola, feni ni msaada mkubwa. Usiku iwekeni karibu na dirisha ili ivute hewa ya nje, si kuzungusha ile ile ya ndani. Lakini mjue kwamba feni haipozi hewa, inapoza ngozi yenye jasho. Joto likipita digrii 40, feni humpulizia mtu hewa ya moto tu. Wakati huo maji mwilini ndiyo dawa.

Dirisha wazi na mbu je?

Mama mmoja alituuliza swali hili, na ni swali la maana. Mbu wa malaria huingia usiku, hasa kwa ule mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Tukifungua madirisha tukasahau mbu, tutakuwa tumetoka kwenye moto tukaingia kwenye maji. Kwa hivyo kila tundu tunalolifungua liwekewe wavu wa mbu, hata ule mwanya wa juu. Wavu ukichakaa utiwe kiraka siku ile ile.

Na chandarua hakiachwi. Tunajua watu husema, "Kina joto." Ni kweli, kinapunguza upepo kidogo. Basi kitanda kikae katika njia ya upepo, kati ya dirisha na dirisha, si pembeni. Chandarua kining'inizwe kwa upana, kisimguse aliyelala. Mkikifua, kianikeni kivulini, kwa sababu jua huharibu dawa. Na kama usiku mmoja umekuwa mbaya hamna budi kulala nje, tokeni na chandarua chenu, kifungeni mtini. Hilo tu lingemwokoa yule mjukuu na kitanda cha hospitali.

Wanaoumia kwanza

Joto halimpigi kila mtu sawa. Linaanza na mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito, na mgonjwa wa moyo, presha au sukari. Mama mjamzito akizidiwa na joto anaweza hata kujifungua kabla ya wakati. Kwa hivyo chumba kimoja tu kikiwa na nafuu, kiwe cha hao. Baba asiseme, "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji mengi. Asivalishwe sweta na kofia ya sufu mwezi wa Februari kwa sababu ati mtoto lazima afunikwe. Wazee wasingoje kiu, wapelekewe maji. Kazi ya shamba iwe asubuhi na jioni.

Mkimwona mtu ana kizunguzungu, kichwa kinamgonga, anatapika, msaidieni mara moja: kivulini, nguo zilegezwe, maji mwilini, apepewe, anywe kidogo kidogo. Kama ametoka jasho jingi au anaharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akizimia, au mwili ukiwa moto sana, hiyo ni hatari kubwa. Msimtilie kitu mdomoni. Mmwagieni maji, mpepeeni, na apelekwe hospitali mkiendelea kumpoza njiani.

Kwa vikundi vinavyojenga

Sasa tumalizie na ninyi mlio na pesa za ujenzi benki au kwa mweka hazina. Kabla ya kununua bati hata moja, kaeni pamoja na atakayelala ndani. Amueni nyumba itazame wapi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi mashariki na magharibi. Hapo jua la jioni litapata ukuta mdogo wa kupiga. Tena kaskazi hutoka kaskazini mashariki na kusi hutoka kusini mashariki, kwa hivyo madirisha ya kaskazini na ya kusini yatapokea pepo zote mbili. Hii haiongezi shilingi hata moja. Ni kugeuza kamba ya fundi tu kabla ya kuchimba msingi.

Inueni kuta kidogo, upenu utoke nje vya kutosha. Katika bajeti andikeni mstari wa dirisha la pili na mstari wa dari. Pesa zikipungua, afadhali nyumba ndogo yenye dari kuliko nyumba kubwa ambayo watu wanaikimbia. Na miti iliyopo msiikate mpaka mjue kivuli chake kinaangukia wapi.

Kwa nyumba zilizokwisha kujengwa, kile kikundi cha akina mama kiliamua hivi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanakwenda kwa mwenzao mmoja. Wengine wanashona magunia, wengine wanakanda udongo, vijana wanatoboa dirisha. Wanaanza kwa mwenye mtoto mchanga na mwenye mzee. Umoja ni nguvu, na hii si kazi ya kungojea mfadhili.

Neno la mwisho si letu, ni la nyanya. Tulipomwomba ruhusa ya kusimulia habari zake, alifikiri, kisha akasema, "Waambieni, mkimpa mtu kitu, rudini mwezi wa jua mkamwulize." Tangu siku hiyo nasi tunarudi mwezi wa jua. Tunawaomba nanyi mrudi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani analala nje au anakosa usingizi miezi ya joto? Tumewahi kumwuliza?

2. Tutembelee nyumba tatu za wanakikundi saa nane mchana. Joto linaingilia wapi, na hewa inatokea wapi?

3. Ni jambo gani moja tunaloweza kufanya bila pesa kabla ya mwezi wa Januari? Nani atalisimamia?

4. Kuna kitu chochote ambacho kikundi kimempa mtu, naye anaona haya kusema kina kasoro? Tutafanyaje ili aweze kusema?